Asumini ya Ghorofa ya Tatu

Mtu anayepanda asumini chini ya ghorofa huwapandia wenzake. Anachimba yeye, anamwagilia yeye, kisha asumini ikishapata kamba humpita dirishani na kuendelea juu, na wa ghorofa ya tatu ndiye anyooshaye mkono alasiri kuchuma vitumba. Wa chini hubakiwa na shina, majani makavu ya kufagia, na harufu usiku, upepo ukikubali. Ufundi huu nausifu kwa sababu hiyo hasa. Katika ghorofa zetu za Tanga uwanja wa nyuma ni wa wote, yaani si wa mtu, na asipotokea mmoja wa kujitolea, hubaki na vifusi na maji ya kufulia.

Kazi yenyewe si ngumu, mradi ujue kila mmea unapandaje. Mpesheni hushika kwa vikono vyake. Upe waya, mengine utafanya wenyewe. Mtambuu hujibandika kwa vijizizi, na ukiuacha ukutani utabandua rangi na kumwamsha mwenye nyumba, ndiyo maana wajuao huuegemeza kwenye gogo. Bogenvilia haishiki kitu: hujitupa juu ya chochote kilicho karibu na kujizuia kwa miiba. Asumini ni mvivu, lazima ifungwe. Kwa kamba tuna bahati. Tangu Richard Hindorf alipoleta mkonge pwani hii mwaka 1893, katani haijatuishia, na haikati shina changa kama waya. Huoza polepole, na ikioza shina limekwisha kuwa gumu.

Bogenvilia inastahili neno la ziada. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina limetokana na nahodha Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769 akiwa na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson. Ile zambarau tunayoiona ua ni majani; ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati. Na haipendi kubembelezwa. Imwagilie kila siku, itakupa majani tele. Iache ione kiu kidogo, itafunika ukuta kwa rangi. Nimeona bogenvilia nyingi zilizonyimwa maua kwa huruma ya ndoo.

Kuzaliwa jirani nako si dhamana. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani kijimea chenye maua ya urujuani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akakipa jina Saintpaulia. Leo kimejaa kwenye madirisha ya ghorofa za Ulaya na Marekani. Hapa mjini kinanuna. Kimezoea miamba yenye kivuli na unyevu, na baraza inayopigwa na jua la mchana na chumvi ya bahari si mahali pake. Hapo weka vinka, iliyotoka Madagaska na inayoota hata kwenye ufa wa saruji, au mrehani kwenye dumu la mafuta lililokatwa nusu na kutobolewa chini. Kisahani cha kukinga maji usikiweke; utafuga mbu wa dengi.

Sehemu ngumu ni majirani. Kuna atakayesema mmea unaotambaa huleta nyoka, na hajakosea sana, kwa kuwa mijusi na panya hupenda kivuli na nyoka hufuata chakula: fagia shinani, na matawi yasifike dirisha la chini. Mwingine atalalamika kwamba kanga yake imenaswa na mwiba. Usibishane naye, mpe kipando. Masika yakianza Machi, tawi lenye urefu wa kalamu, lililopukutishwa majani ya chini, hushika udongoni bila dawa yoyote, na mtu akishakuwa na mmea wake hachelewi kuitetea mimea yote.

Halafu kuna kupogoa, na hapo undugu hujaribiwa. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo lazima ikatwe ili itoe. Bibi wa juu, aliyezoea vitumba vya kikuba chake (huchumwa vikiwa vimefumba ili vifunguke usiku, vikiwa tayari kifuani), akiona matawi yanaanguka huona amedhulumiwa. Mwambie kwa adabu kwamba ni wiki chache tu. Na kama kuna harusi kwenye jengo, mkasi ukae kabatini mpaka bi harusi apelekwe kwake.