Mwandiko wa Mkono na Usomaji wa Tenzi Katika Zama za Kompyuta

Iko rai inayosikika mara nyingi miongoni mwa wasomi wa fasihi, kwamba mwandiko wa mkono umekwisha kutimiza kazi yake. Rai hiyo yasema hivi: tungo nyingi zilizokuwa zikilala masandukuni Lamu, Pate, Siyu na Mombasa zimekwisha kupigwa chapa, miswada kadha wa kadha imepigwa picha na kuwekwa katika kompyuta, basi karatasi kuukuu imebaki kuwa ganda, na ganda hutupwa punje ikisha kutolewa. Rai hii ina sehemu ya kweli, na kwa sababu hiyo yastahili kujibiwa kwa adabu. Lakini katika ushairi wa Kiswahili si rahisi kusema ganda laishia wapi na punje yaanzia wapi.

Kwanza ukweli wake ukubaliwe. Karatasi ya pwani ina maadui wengi: mchwa, unyevu, na wajukuu wasiojua thamani yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalisalimika kwa juhudi ya Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya akisaidiana na W. E. Taylor, na umma wa wasomaji haukuyapata kitabuni mpaka mwaka 1940, William Hichens alipotoa diwani yake. Miaka mia ni muda mrefu kwa shairi kuning'inia kwenye uzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hazina ya miswada ambayo orodha yake, iliyotungwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970; na leo picha za miswada iliyohifadhiwa London huonekana kwa mwanafunzi aliye Dodoma au Eldoret bila nauli. Asiyeshukuru kwa hayo hana haki ya kusema juu ya hasara.

Hata hivyo, hasara ipo, nayo huanzia katika herufi. Washairi wa kale waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na hati hizo, kwa desturi yao ya zamani, hazikuwa na alama mahsusi kwa kila sauti ya Kiswahili. Herufi ba iliweza kusimama mahali pa b, p na mb. Kasra iliweza kuwa i au e. Na dhamma iliweza kuwa u au o. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa kwa ba mbili zenye kasra laweza kusomwa bibi, au pipi, au pembe. Msomaji wa zamani hakutaabika, kwa kuwa sikio lake liliijua lugha na moyo wake uliyajua mapito ya tungo. Karatasi ilimkumbusha aliyekwisha kujua. Haikukusudiwa kumfundisha mgeni.

Mpiga chapa hana nafasi hiyo. Hati za Kirumi humlazimisha achague: ni bibi au ni pembe, na akisha kuchagua, yale maneno mengine hufutika. Aghalabu huchagua sawa, pengine hukosa, lakini katika hali zote mbili, kinachofika mikononi mwa mwanafunzi ni maoni ya mhariri yaliyovaa mavazi ya mtunzi. Mhakiki anayejenga hoja nzima juu ya neno moja la utenzi wa kale, bila kuuliza neno hilo liliandikwaje mswadani, huenda anamhakiki mhariri wala si mshairi. Wala isidhaniwe kwamba upungufu ni wa hati za Kiarabu peke yake. Kimvita hutenga ta ya menoni na ta ya ufizini, na hati za Kirumi za leo huziandika zote mbili kwa herufi moja. Hati za Kiarabu nazo zilitengenezwa na wenyewe zilipoonekana kupungua, kama alivyofanya Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947. Kila hati hutunza jambo moja na kulipoteza jingine.

Jambo la pili ni umbo la ukurasa. Wanafunzi hufundishwa kwamba ubeti wa utenzi una mistari minne. Kwa chapa ni kweli. Lakini katika miswada mingi ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja uliogawanywa vipande vinne, na kina cha mwisho, ambacho hakibadiliki toka mwanzo wa utenzi hata mwisho, huteremka ukingoni mwa kushoto kama nguzo. Jicho huiona nguzo hiyo kabla ya sikio kuisikia. Chapa iliyoukata mstari vipande vinne na kuvipanga chini kwa chini imeivunja nguzo, na mwanafunzi huona vina vitatu vinavyofanana na kimoja kilichotoroka. Basi maneno “mistari minne” yameletwa na kitabu cha chapa, na uhakiki umeyapokea kama kwamba ni sheria ya watunzi.

Tena, watunzi wenyewe hawakuutenga utungo na uandishi. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, anamwita binti yake asogee karibu na wino na karatasi kabla ya kumpa wasia. Kuandika ni sehemu ya kuusiwa: binti atayapokea maneno ya mama kwa mkono wake, herufi baada ya herufi. Na waliokuja baadaye waliunakili wasia huo vivyo hivyo, ndiyo sababu nakala zake hazilingani. Kompyuta hutoa nakala elfu zisizotofautiana hata kwa nukta; mkono haukutoa nakala mbili zilizo sawa, kwa kuwa kila mwenye kunakili alikuwa pia msomaji, na tofauti zake ni ushahidi wa alivyofahamu.

Haifai, hata hivyo, kuugeuza mwandiko kuwa kitu cha kuabudiwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu alikuwa na mkono mzuri mno, na aliwanakilia tungo wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Uzuri wa mkono wake si hoja ya usahihi wa kila neno. Yeye naye alichagua, na wanunuzi wake walikuwa na matakwa yao. Mswada ni shahidi, na shahidi huhojiwa.

Lakini nani atakayemhoji? Hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa picha imehifadhika na msomaji anatoweka. Aliyesoma chuoni aijua hati, lakini huenda Kiamu cha kale kikampiga chenga. Aliyesoma chuo kikuu aweza kuchambua vina na mizani, lakini mara nyingi hawezi kuisoma hati. Wawili hawa wakiendelea kukaa mbalimbali, picha zote zilizomo katika kompyuta zitakuwa kama barua iliyofika salama kwa mtu asiyejua kusoma.

Dawa yake haina gharama kubwa. Idara za Kiswahili zaweza kuifanya hati ya Kiarabu kuwa somo la lazima kwa kila atakaye kuhakiki tenzi za kale. Kila tungo la kale litakalochapishwa laweza kuwekewa picha ya mswada mkabala wa maandishi ya Kirumi, na neno lenye shaka liachwe na shaka yake mbele ya msomaji. Na mwanafunzi apewe kazi ya kunakili kwa kalamu walau beti ishirini, ili mkono wake ukutane na matatizo ambayo mhariri aliyamaliza kwa niaba yake. Kompyuta imerahisisha mambo hayo kuliko zamani zozote; imeileta karatasi ya Lamu hadi mezani pa kila mtu. Kilichobaki ni kuisoma, na hilo hakuna mashine iliyolichukua juu yake kwa namna ya kumwondolea mhakiki wajibu.