Kukombolewa au Kujikomboa? Tahakiki ya Mchezo wa Video Assassin's Creed: Freedom Cry

1. Utangulizi

Si jambo geni katika usimulizi mhusika aliyekuwa msaidizi katika kisa kimoja kupewa baadaye kisa chake mwenyewe. Watunzi wa michezo ya video wameirithi desturi hiyo, nao huchipuza kutoka kwenye mchezo mama mchezo mwingine mfupi wenye shujaa wake. Freedom Cry ni mchezo tanzu wa aina hiyo. Kampuni ya Ubisoft iliutoa Desemba 2013 kama nyongeza ya Assassin's Creed IV: Black Flag, kisha mwaka 2014 ikaanza kuuuza kama mchezo unaojitegemea. Uliundwa na studio ya Ubisoft Quebec, na hadithi yake iliandikwa na Jill Murray.

Tahakiki hii haiulizi kama mchezo huu unaburudisha, unaburudisha. Inauliza ni nafasi gani watumwa wanapewa katika mchezo uliochagua utumwa kuwa mada yake. Hoja yetu ni kwamba hadithi ya Freedom Cry inasimulia kujikomboa, ilhali kanuni zake za uchezaji zinatekeleza kukombolewa. Kwa msomaji wa Kiswahili, umbali kati ya kiambishi kijirejeshi -ji- na kauli ya kutendwa hauhitaji maelezo marefu. Nguvu na udhaifu wa kazi hii vimo ndani ya umbali huo.

2. Kutoka pembezoni hadi kitovuni

Katika Black Flag, Adéwalé ni msaidizi wa Edward Kenway, haramia wa Kizungu. Ana ujuzi wa bahari kuliko wengi, lakini anafahamu kwamba mabaharia hawatamkubali mtu mweusi kuwa nahodha wao. Freedom Cry inamtoa pembezoni. Ni mwaka 1735. Dhoruba imevunja merikebu yake na kumtupa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni nchi ya Haiti. Huko anakutana na Bastienne Josèphe, mwenye danguro anayewasaidia watoro kwa siri, na Augustin Dieufort, kiongozi wa watoro hao.

Uhusika wa Adéwalé ndio mafanikio ya kwanza. Jina lake la Kiyoruba lina maana ya taji, au ufalme, kurejea nyumbani. Aliyebeba jina hilo alizaliwa utumwani Trinidad, na nyumbani kwa kurejea hana. Mchezo hauifafanui kejeli hiyo, na ni vyema haukufanya hivyo. Bastienne naye si kipenzi cha kupamba kisa. Anamhoji Adéwalé kuhusu nia yake, na mashaka yake yanamzuia shujaa kujiona mkombozi kwa urahisi.

Mafanikio ya pili ni ya kisauti. Krioli inasikika mitaani na katika vinywa vya wahusika wakuu bila kugeuzwa kichekesho wala kuwa alama ya ujinga. Muziki wa Olivier Derivière umeshirikisha kundi la wapiga ngoma wa Kihaiti, La Troupe Makandal, na ngoma hizo haziishii kuwa pambo. Zinaiambia hadhira kwamba watu hawa walikuwa na ibada, mpangilio na kumbukumbu kabla shujaa hajatupwa ufukweni kwao.

3. Pale mtu anapokuwa tarakimu

Mwaka 2007, Clint Hocking aliibua dhana ya mgongano kati ya kile ambacho mchezo unasimulia na kile ambacho unamtuza mchezaji kwa kukitenda. Freedom Cry ni mfano wa wazi wa mgongano huo. Mchezaji huwaokoa watu barabarani, mnadani, mashambani na kwenye merikebu za kuwasafirisha. Kila anayeokolewa huongeza idadi inayoonyeshwa kwenye skrini, na idadi hiyo ikifikia kiwango fulani, Adéwalé hupata silaha na vifaa bora zaidi. Matokeo yake ni kwamba mchezaji anayepita sokoni na kumwona nyapara akimpiga mtu huanza kuhesabu: nikimwokoa huyu, nitabakiza wangapi kabla ya kupata panga jipya? Hadithi inamlaani mwenye shamba anayewageuza watu kuwa mali, huku kanuni zikimfundisha mchezaji kuwageuza kuwa sarafu.

Hapa lugha yetu inatoa mwanga. Mtumwa ni jina lenye kauli ya kutendwa ndani yake: ni mtu anayetambulishwa kwa kutumwa na mwingine. Mtoro, jina linalohusiana na kitenzi kutoroka, humtaja mtu kwa tendo lake mwenyewe. Nacho kitenzi kukomboa, kinachotumika pia kwa kitu kilichowekwa rehani, kinabeba fununu ya bei. Katika Freedom Cry watoro wapo kama jeshi la msaada, lakini hatumshuhudii mtumwa akigeuka mtoro kwa uamuzi wake. Anasubiri, anafunguliwa, anashukuru, anaondoka. Hana jina wala neno la kupinga.

Yawezekana kujibiwa kwamba mchezo wa mapambano hauwezi kuendeshwa bila tuzo na hesabu. Utetezi huo unavunjwa na mchezo wenyewe. Katika uvamizi wa mashamba, kengele ya hatari ikilia, manyapara huanza kuwaua watumwa. Pupa ya mchezaji inalipiwa kwa damu ya wengine, na kanuni inasema jambo la kweli kuhusu utumwa. Zaidi ya hapo lipo tukio la merikebu ya watumwa inayozama. Adéwalé anashuka chini ya sitaha maji yakipanda, anafungua minyororo ya wachache, na wengi wanabaki. Umahiri wa mchezaji haubadilishi chochote. Katika dakika hizo idadi inapoteza maana, na mchezaji anabaki na sauti za watu. Watunzi walijua namna ya kuifanya kanuni iseme. Hawakuithubutu katika kazi nzima.

Kasoro nyingine ni ndogo zaidi. Kazi za kumfuata adui kwa siri na kusikiliza mazungumzo yake zinajirudia hadi kuchosha. Port-au-Prince, mandhari kuu ya kisa, ulianzishwa rasmi mwaka 1749, baada ya matukio yanayosimuliwa. Uhuru huo wa kiutunzi unavumilika, ila mwalimu anayeutumia mchezo darasani hana budi kuutaja. Hatima ya Adéwalé nayo inaonyesha mpaka wa kazi tanzu: anauawa katika Assassin's Creed Rogue ya mwaka 2014, ndani ya kisa cha shujaa mwingine, na hivyo kurudishwa pembezoni alikotolewa.

4. Mwangwi wa pwani yetu

Tatizo hili haliwahusu watunzi wa Quebec peke yao. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934, kinasimulia watu waliotekwa, wakaokolewa baharini na kupewa makazi Freretown, Mombasa. Mwandishi ni mzawa wa jamii hiyo hiyo, lakini sifa kuu za uhuru anawapa Waingereza. Wakati huo huo historia ya pwani inawajua watoro waliojijengea makazi yao, kama vile Fuladoyo, bila kusubiri merikebu ya mtu. Kitabu na mchezo vimetenganishwa na karibu miaka 80, na vyote viwili vinaona wepesi kumsimulia mkombozi kuliko anayejikomboa.

5. Hitimisho

Freedom Cry ni kazi yenye ujasiri wa mada na woga wa umbo. Imempa mtu mweusi aliyezaliwa utumwani sauti, akili na hasira halali, katika soko ambalo mara chache lilifanya hivyo. Imeshindwa kuwapa wenzake aliowafungua japo sehemu ya hayo. Saint-Domingue ndipo yalipozuka, mwaka 1791, maasi ya watumwa yaliyozaa taifa huru mwaka 1804, na historia hiyo haikuandikwa kwa kauli ya kutendwa. Wanafunzi wetu wanaocheza michezo hii usiku na kusoma riwaya mchana wanastahili kufundishwa kuuliza, katika fani zote mbili, ni nani mtenda wa kitenzi.