Mgeni Dirishani

Kilichonipeleka Yuzawa, mji mdogo wa chemchemi za maji moto mkoani Niigata, ni riwaya: *Yukiguni* ya Kawabata Yasunari. Kawabata alianza kuiandika miaka ya 1930 akiwa mgeni katika mji huu, lakini ndani ya riwaya mji hautajwi kwa jina.

Mhusika wake, Shimamura, ni mtu wa Tokyo mwenye mali ya urithi, anayeandika makala za baleti ya Ulaya bila kuwahi kuiona jukwaani. Anamtembelea Komako, geisha anayejifundisha shamisen peke yake na kuandika shajara miaka nenda rudi. Shimamura huona jitihada hizo ni kazi bure. Yeye ana mke kwao, na treni ya kurudi ipo.

Wengi huisifu riwaya hii kwa theluji yake. Mimi naiheshimu kwa jinsi inavyomuumbua anayeitazama theluji. Udhaifu wake ni kwamba Komako tunamwona kwa macho ya Shimamura tu, na Shimamura si mtu wa kuuliza.

Asubuhi ya pili nilimpiga picha bibi mmoja aliyekuwa akiondoa theluji mlangoni pake kwa beleshi. Picha ilitoka nzuri. Mimi, niliyelelewa kwa shikamoo, nilifika stesheni ndipo nikakumbuka kwamba sikumsalimu. Kijapani cha salamu nilikuwa nacho. Nilimtazama tu, kama Shimamura anavyomtazama msichana asiyemjua kwenye kioo cha dirisha la treni, mwanzoni mwa kitabu.