Jua, Barafu na Njia ya Batian: Jinsi Kilele cha Mlima Kenya Kilivyofikiwa

Mlima Kenya, unaoonekana kutoka Nairobi asubuhi isiyo na mawingu, ni mabaki ya volkeno iliyozimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na vilele vyake viwili virefu, Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), ni mwamba mgumu ulioganda ndani ya koo la volkeno hiyo, kisha ukabaki wazi baada ya miamba laini iliyouzunguka kumomonyoka. Majina ya vilele yalitolewa na Halford Mackinder, mwanajiografia wa Uingereza, kwa heshima ya Mbatian, oloiboni mkuu wa Wamaasai, yaani kiongozi wa mambo ya ibada na uaguzi, na ya jamaa zake Nelieng na Lenana.

Msafara wa Mackinder uliondoka Nairobi Julai 1899, miezi michache tu baada ya reli kufika hapo, ukitegemea wapagazi Waswahili na Wakikuyu, ambao bila mabega yao chakula na vifaa visingefika hata kwenye kambi za juu. Wapagazi Waswahili wawili waliuawa walipotumwa kutafuta chakula, na kwa hiyo gharama ya kufika kileleni haiwezi kupimwa kwa jasho la wapandaji peke yao.

Majaribio ya awali yaliposhindikana, Mackinder na waelekezi wake wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walikata vidato kwa shoka katika mto wa barafu, yaani barafu nene inayoteremka polepole mlimani, ambao waliuita Almasi kwa ugumu wake. Walitarajia kuuvuka kwa dakika 20, lakini uliwachukua saa tatu, na walifika Batian adhuhuri ya Septemba 13.

Ugumu huo una sababu ya kijiografia. Kwa kuwa mlima uko karibu na ikweta, kuanzia Juni hadi Septemba jua huangaza zaidi upande wa kaskazini, ambako miamba hukauka, huku kusini, uliko mto wa Almasi, kukibaki kivulini na barafu ikikakamaa; kuanzia Desemba hadi Machi hali hugeuka. Ndiyo maana wapandaji Eric Shipton na Percy Wyn-Harris, walipopanda uso wa kusini-mashariki Januari 1929, walikuta mwamba unaoshikika, wakawa wa kwanza kufika Nelion, kisha wakavuka hadi Batian.

Barafu ileile iliyomchelewesha Mackinder ikawa njia kwa waliokuja na zana bora: Oktoba 1973 Mkenya Thumbi Mathenge na Phil Snyder walipanda mfereji wake mkali kwa mara ya kwanza. Leo barafu hiyo inapungua kwa sababu ya ongezeko la joto, hivyo mpandaji anayesoma kumbukumbu za zamani hana budi kuzipima upya kwa majira na kwa hali ya mlima wenyewe.