Kusoma Mawimbi Ukiwa Singida

Sijawahi kuingia baharini. Maji makubwa niliyoyazoea ni Ziwa Singidani, hapa kando ya mji: maji ya chumvi, majabali ufukweni, heroe kwa mbali. Upepo wetu ukikaza alasiri, ziwa hurusha viwimbi visivyofika gotini, basi.

Kwa hiyo nilifungua Barbarian Days ya William Finnegan nikiwa nimekwisha kununa. Kurasa zaidi ya 400 za Mmarekani anayezunguka dunia ili asimame juu ya ubao na kuteleza kwenye mawimbi! Kitabu kilitoka mwaka 2015, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Pulitzer. Huku kwetu mtu akitembea mbali kufuata maji, anarudi na ndoo kichwani.

Nilinuna kwa kurasa kama thelathini. Kisha nikaanza kuyaona mawimbi. Finnegan hayarembi. Anakueleza upepo umetoka wapi, sakafu ya bahari ikoje, kwa nini wimbi linasimama hapa na si pale, kisha linaufanya nini mwili wa mtu. Hofu anaiweka mwisho, na kwa sababu hiyo unaiamini. Kila sehemu ya mawimbi ina tabia yake, kama jirani.

Mimi ni mwalimu. Niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu: elezeni upepo kama huyu anavyoeleza wimbi. Binti mmoja akaandika juu ya bibi yake anayepepeta uwele: anavyonyoosha ungo, anavyosubiri, anavyojua kwa shavu lake kwamba upepo unaokuja ni mfupi mno, haufai, auache upite. Niliposoma hapo nilielewa kitabu kuliko nilivyokielewa mwanzo. Kumbe kinahusu kusubiri, na elimu anayoipata mtu kwa kusubiri mahali pamoja miaka mingi.

Lakini elimu hiyo ni ya nani? Mwaka 1978, Finnegan na rafiki yake walipiga kambi Tavarua, kisiwa kidogo cha Fiji kisicho na wakazi, wakapata wimbi la ajabu. Wakaapa kutolitaja jina lake. Mimi nikacheka kidogo. Wavuvi waliowavusha walikijua kisiwa hicho na mwamba wake. Walichokuwa hawajaona ni bei yake. Bei ilikuja baadaye: hoteli ikajengwa, wimbi likawa la wageni wake peke yao, mpaka serikali ya Fiji ilipofuta haki hiyo mwaka 2010. Finnegan mwenyewe alirudi huko kama mgeni wa kulipa, wala hafichi. Ukweli huo unakiokoa kitabu, ingawa haulijibu swali.

Sehemu iliyonikera zaidi ni Cape Town. Mwaka 1980 alifundisha sekondari Grassy Park, katika shule ya vijana ambao sheria za ubaguzi ziliwaita machotara. Mwaka huo wanafunzi waligoma. Fukwe nazo ziligawanywa kwa rangi: mwalimu aliweza kuingia kwenye mawimbi ambayo sheria iliwanyima wanafunzi wake. Kwangu huo ndio moyo wa hadithi yote, lakini hapa unapita upesi. Najua sababu: alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya shule hiyo, Crossing the Line, mwaka 1986. Sababu hiyo hainitoshi. Huwezi kuandika maisha yako ndani ya maji ukamwachia kitabu kingine yule aliyezuiwa kuyaingia.

Simlaumu kwa kupenda kitu kisicho na faida. Jumamosi nami hukaa juu ya jabali pale Singidani nikisoma, huku baadhi ya wanafunzi wangu wako kwenye alizeti za wazazi wao. Ninachomdai Finnegan ninajidai mwenyewe: ukiandika raha yako, waandike pia walio ufukweni, kwa umakini uleule uliowapa upepo na mwamba.

Kisomeni. Daftari la yule binti nimelirudisha. Chini ya insha yake nimemwuliza swali moja: bibi yako anaitwa nani?