'Kata' ni neno linalopotosha wanafunzi wa aljebra
Huku kwetu hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, ila mwalimu akitaka kufafanua hugeukia Kiswahili na kuokota neno lililo karibu. Katika sehemu za aljebra, neno hilo ni 'kata'. Silipendi hata kidogo.

Mwanafunzi hupewa (x + 6)/x, akaambiwa, "Kata zinazofanana." Anafyeka x ya juu na ya chini, anabaki na 6. Jamani, si ametii neno? Hebu tia 2 mahali pa x: 8/2 ni 4, wala si 6.

Kinachotakiwa ni kugawanya kiasi (cha juu) na asili (ya chini) kwa kigawo kimoja. Katika x + 6, x imejumlishwa tu, si kigawo. Linganisha na (x² − 9)/(x + 3). Juu ni (x − 3)(x + 3), kwa hivyo x + 3 ni kigawo cha pande zote mbili, na jibu ni x − 3, mradi x isiwe −3, maana hakuna kugawanya kwa sifuri. 'Kata' haigusii sharti hilo kamwe.

Kuna watakaoniambia Waingereza nao husema 'kufuta'. Naam, na watoto wao huteleza papo hapo.

'Kiasi', 'asili' na 'kigawo' zimo katika vitabu vya shule za msingi Tanzania. Mwalimu wetu na aseme, "Gawanya juu na chini kwa kigawo kilekile." Ni kauli ndefu, najua, lakini inamlazimu mwanafunzi kujiuliza kwanza: hii x ni kigawo kweli?