Ustadi wa Kumtambua Chura

Uainishaji wa spishi, yaani kazi ya kuwapanga viumbe kwa nasaba na kuwapa majina ya kisayansi, ni ufundi usio na makeke, na pengine ndiyo maana husifiwa kwa nadra. Hata hivyo utajiri wa milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa nchini Tanzania, usingejulikana bila wale walioinamia meza wakipima vyura kwa milimita.

Katika misitu hiyo, inayopata unyevu wa Bahari ya Hindi na kutenganishwa na nyanda kavu, wamo vyura wa jenasi Nectophrynoides, ambao hawatagi majini bali huzaa watoto waliokwisha kukamilika, wasiopitia hatua ya kiluwiluwi bwawani. Mjerumani Gustav Tornier alimweleza mmoja wao mwaka 1905, na kwa zaidi ya karne jina alilompa, viviparus, likabebeshwa vyura wa milima mbalimbali kwa kuwa walifanana.

Ustadi huanza pale jicho lisiporidhika. Mtaalamu hukitoa kielelezo, yaani mwili wa chura uliohifadhiwa katika spiriti, akachunguza tezi zilizovimba nyuma ya kichwa na miguuni, umbo lake na zinapoishia, kisha akalinganisha aliyoyaona na vinasaba, ambavyo huonyesha nani alitengana na nani. Ugumu ni kwamba jina hufungamana na vielelezo vya kwanza, navyo vimekaa makumbusho kwa zaidi ya karne hata vinasaba vyake vimekatika vipande vifupi mno. Ilibidi vipande hivyo visomwe na kuoanishwa kwa subira ya ajabu, ndipo ijulikane ni chura yupi mwenye haki ya jina la kale. Mwaka 2025 zikatangazwa spishi tatu zilizokuwa zimefichika chini ya jina hilo: luhomeroensis, uhehe na saliensis.

Anayeona kuwa huko ni kubishania majina amekosea, kwani spishi iliyodhaniwa kuenea kote huonekana salama, lakini ikigawanywa, kila tawi hubaki na msitu wake mdogo. Mfano ni chura wa maporomoko ya Kihansi, wa jenasi hiyohiyo: alipewa jina mwaka 1999, maji ya maporomoko hayo yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Yupo hadi leo kwa sababu mwaka 2000 baadhi yao walipelekwa kufugwa Marekani, na waliowachukua walijua hasa wanamwokoa chura yupi.